Mwili Haujengeki, Nguvu Zimegoma: Tafuta Chanzo Kwanza

Anayenyanyua vyuma akikwama hukimbilia kuongeza. Anaongeza siku za mazoezi, anaongeza seti (mafungu ya marudio ya zoezi moja), ananunua kopo la unga wa protini, au anahamia jimu nyingine. Ndivyo ilivyo Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya, na ndivyo ilivyo Ipogolo na Mafinga mkoani Iringa. Lakini mara nyingi chanzo hakiko kwenye kitu kinachokosekana jimu. Kiko kwenye sahani, kwenye usingizi, au kwenye namna mtu anavyokishika chuma. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Tafuta dalili yako, kisha pitia sababu zake kwa mpangilio uliopo, kwa kuwa zile zinazotokea sana na zisizogharimu pesa kuzirekebisha zimetangulia.

Utahitaji daftari, mizani, na futi ya fundi cherehani. Kwa siku saba andika kila unachokula, kila uzito ulionyanyua na mara ngapi, na saa ulizolala. Jipime asubuhi ukishatoka msalani na kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Usirekebishe mambo mawili kwa pamoja. Ukibadilisha chakula na ratiba ndani ya wiki ileile, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

"Miezi inakwenda, mwili uko vilevile"

Anza na daftari la chakula. Chukua kijana wa kilo 65, fundi au mwendesha bodaboda, na siku yake ya kawaida: asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana ugali na upawa mmoja wa maharage na mchicha, usiku wali na upawa mwingine. Ameshiba mara tatu. Ukijumlisha protini, zinakuja gramu 50 hadi 55 hivi, na zaidi ya nusu yake imetoka kwenye unga wa ngano, mahindi na mchele, nafaka ambazo protini yake peke yake haijakamilika. Anayenyanyua vyuma anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani kijana huyu anahitaji gramu 104. Anakula nusu ya anachohitaji, halafu analaumu ratiba.

Inaniuma kuona kijana kama huyo anajinyima ili anunue kopo, wakati anaishi Nyanda za Juu Kusini. Maharage yamejaa masokoni, maziwa yanateremka kutoka Rungwe, dagaa wa Ziwa Nyasa wanapanda kutoka Kyela. Mayai matatu yanampa gramu 18. Maziwa nusu lita, fresh au mtindi, yanampa 16. Maharage yakitoka upawa mmoja hadi kikombe kilichojaa kwenye milo yote miwili, anapata kama 12 zaidi. Hapo tayari amefika karibu 100 bila kugusa nyama. Konzi ndogo ya dagaa wakavu inaleta nyingine 15, na siku ya nyama au kitimoto, kwa anayekula, ni nyongeza tu. Ugali usiufukuze, unakupa nguvu ya kufanya kazi. Punguza tonge, ongeza mboga.

Wengi hawaongezi maharage kwa sababu yanawajaza gesi, au kwa sababu mkaa umepanda na maharage hayaivi upesi. Hili la pili lina sababu ya kweli. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi, si 100. Ndiyo maana chungu kile kile kinachoiva mapema Kyela kinachelewa Mbeya. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu ndipo upunguze moto. Yataiva mapema na gesi itapungua. Yasiyoiva, hasa mekundu, usiyale kabisa. Yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.

Na mayai mabichi ya kunywa alfajiri? Acha. Mwili humeng'enya vizuri zaidi protini ya yai lililopikwa, na yai bichi linaweza kukuletea vijidudu vya kuharisha na kutapika. Chemsha.

Kama protini imetosha na kilo bado hazipandi, basi huli vya kutosha kwa ujumla. Wembamba wa asili ndio wanaokosea hapa: wanashiba haraka, wanatembea sana, wanakwenda shamba, wanacheza mpira Jumapili. Wao wanahitaji chakula kinachobeba nguvu nyingi mahali padogo. Parachichi moja kubwa lina karibu kalori 300. Gao la karanga lina kama 170. Uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusaga unanyweka hata tumbo likiwa limekataa ugali. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupe, hata kama ni nusu ya mfuko: sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Lenga kupanda kilo moja hadi moja na nusu kwa mwezi. Ukipanda kilo nne, sehemu kubwa ni mafuta.

"Nguvu zimegoma, uzito ni uleule tangu Pasaka"

Fungua daftari la vyuma. Ukikuta hujaandika, chanzo umekipata: mtu asiyeandika hunyanyua anachokikumbuka, na anachokikumbuka ni kile alichozoea. Misuli hukua inapodaiwa zaidi kidogo kuliko jana, na "kidogo" hiyo inataka kipimo.

Jimu nyingi za mtaani zina vyuma vya kutengeneza: makopo ya zege, rimu, gia za gari zilizochomelewa. Vinafanya kazi, ninavitetea siku zote. Vina kasoro mbili tu za kurekebishwa. Kwanza, namba iliyopakwa rangi si uzito. Chukua kila kopo ulipime kwenye mizani ya muuza nafaka, kwa kuwa yanaweza kuwa mawili yameandikwa 20 na moja ni 18, jingine 21, na chuma kinaegemea upande mmoja bila wewe kujua. Pili, kuruka kutoka kilo 40 hadi 50 ni kukubwa mno kwa kubenchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu ya kifua. Shona vifuko vya mchanga vya kilo moja moja, funga kimoja kila upande. Ndivyo utakavyopanda.

Kisha hesabu seti. Wapo wanaopiga kifua seti 25 Jumatatu halafu wasikiguse mpaka Jumatatu nyingine, na miguu wasiiguse kabisa. Seti 10 kwa wiki kwa kila kundi la misuli zinamtosha anayeanza. Aliyekomaa anaweza kufika 15 hadi 20. Zigawe siku mbili. Kwenye kila seti bakiza rudio moja au mawili ambayo ungeweza kuyafanya; anayefia kwenye chuma kila siku hana cha kupanda nacho wiki ijayo. Maumivu ya misuli kesho yake pia si kipimo cha kazi nzuri. Yanatoka kwenye ugeni wa zoezi, yanakolea kati ya saa 24 na 72, na mtu anaweza kuendelea kukua huku hayasikii kabisa.

Pumzika kati ya seti. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) na benchi zinataka dakika mbili hadi tatu. Na kama umehamia juu hivi karibuni kutoka Dar es Salaam, Tanga au Kyela, ongeza nyingine moja. Kila pumzi Mbeya inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na Njombe inapungua zaidi. Wanachuo wanaokuja mwaka wa kwanza huhisi wamedhoofika ghafla. Hawajadhoofika. Rudio la kwanza lina nguvu ileile. Kinachochelewa ni pumzi kurudi. Wape wiki tatu.

Msimu nao uhesabiwe. Mvua zikianza Novemba na jembe likiingia shambani, mgongo na mabega vinafanya kazi tangu alfajiri. Anayelima nusu siku kisha akapiga dedilifti jioni anafanya kazi mara mbili na kulala mara moja. Katika wiki hizo punguza seti kwa nusu, shikilia uzito uleule, na uongeze chakula. Nguvu hazitapotea.

Usingizi: saa saba hadi tisa. Anayelala tano hajengi inavyopaswa, hata akila vizuri. Kwa madereva wa usiku, lala mchana gizani, dirisha limefunikwa, na simu iwe mbali.

Ulanzi na bia ziko kwenye orodha hii pia. Glasi moja na chakula, Jumamosi, haiharibu kitu. Jioni nzima ya pombe baada ya mazoezi inapunguza kazi ya mwili kujenga misuli, inaharibu usingizi, na Jumapili inapita bila chakula cha maana. Msimu wa ulanzi Iringa na Njombe, daftari huwa linasema kweli yote.

"Mikono imekua lakini kitambi hakitoki"

Kukunja tumbo mara mia tatu hakuondoi mafuta ya tumbo. Kunajenga misuli iliyo chini yake, mafuta yanabaki juu. Mafuta hupungua mwili mzima pale unapokula kidogo kuliko unavyotumia, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo la mwisho kuachia.

Pekua vitu vinavyoingia bila kuhesabiwa kuwa chakula. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37. Bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni 120, na chipsi mayai hunywa vijiko kadhaa kabla hazijafika mezani. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara nne kwa siku kwa sababu ya baridi, nayo ipo. Kata hivyo kwanza, ugali uache mahali pake mwezi mzima, uone. Parachichi na karanga nilizomsifia mwembamba, wewe zipime: nusu parachichi, gao moja dogo.

Shuka nusu kilo kwa wiki. Wanaojinyima mpaka kushuka kilo nane kwa mwezi hupoteza misuli pamoja na mafuta, chuma kinakuwa kizito, na tumbo likirudi linarudi lote. Protini isipungue katika kipindi hiki. Ikibidi, ipande kidogo.

Dada wanaoogopa vyuma wakidhani watakuwa na mwili wa mwanaume, wasiogope. Testosteroni, homoni inayokuza misuli, kwa mwanamke ni ndogo mno kuliko kwa mwanaume. Chuma kitawapa mgongo imara na mifupa migumu, na kitawasaidia kutunza misuli wakipunguza uzito.

"Bega linauma nikibenchi"

Angalia viwiko. Vikitanuka na kunyooka sawa na mabega, na chuma kikishuka karibu na shingo, bega linabanwa kila rudio. Sogeza viwiko kuelekea mbavu, chuma kishukie chini ya kifua, na kabla ya kukitoa bana mabega nyuma mpaka mifupa yake miwili ikaribiane mgongoni. Punguza uzito kwa theluthi unapojifunza.

Kisha hesabu tena daftari. Ukikuta seti za kusukuma ni 20 na za kuvuta ni 4, umepata chanzo cha pili. Kwa kila seti ya benchi, weka moja ya kuvuta: kuinama na kuvuta chuma tumboni, au kujivuta kwenye bomba.

Baridi ya Juni na Julai inachangia. Jimu nyingi ni banda la bati lisilo na ukuta mmoja, saa kumi na mbili asubuhi watu wanaingia wamejikunyata na kuanza na kilo 60. Tembea haraka au ruka kamba dakika kumi ukiwa na sweta, kisha chuma kitupu, kisha 30, kisha 45, ndipo 60.

Maumivu yakikuamsha usiku, au mkono ukishindwa kunyanyuka juu, acha kubenchi na umwone daktari. Na kubenchi peke yako kwenye benchi isiyo na vizuizi pembeni, usifanye. Mwite mtu asimame kichwani.

"Kiuno kinauma kila nikipiga dedilifti"

Ushauri wa kawaida ni "nyoosha mgongo", na ni sahihi. Lakini katika jimu za mtaani kuna chanzo ambacho sijasikia wengi wakikitaja. Sahani ya chuma ya kiwango cha mashindano ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo mti, ile fimbo ya chuma unayoishika, unakuwa sentimita 22.5 kutoka chini. Makopo yetu ya zege na gia ni madogo, na mti unalala sentimita 12 au 15 tu. Unalazimika kuinama zaidi ya zoezi lenyewe linavyotaka, na mgongo unajikunja hata ukiwa na nidhamu. Weka tofali chini ya vyuma kila upande mpaka mti ufike katikati ya muundi. Tofali mbili za kuchoma zinaweza kumaliza tatizo la mwaka mzima.

Baada ya hapo ndipo uangalie mengine. Mti ukae karibu na mguu, usiuache utangulie mbele. Jaza pumzi tumboni, kaza, ndipo unyanyue. Mkanda haumlindi asiyejua kukaza tumbo.

Maumivu yakiteremka mguuni, ukahisi ganzi, au ukashindwa kuzuia haja, hiyo si kazi ya kocha. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Goti linalouma kwenye skwati kwa kawaida linatokana na uzito kupandishwa haraka au visigino kunyanyuka. Rudi kwenye uzito wa wiki mbili zilizopita, shuka taratibu, visigino chini, goti lifuate uelekeo wa vidole.

"Kichwa kinazunguka, pumzi inakata, nimechoka kila siku"

Kikizunguka ukisimama kutoka kwenye seti nzito, kwanza uliza umekula nini tangu asubuhi. Chai ya rangi peke yake haibebi skwati. Ndizi mbili au kiazi kitamu saa moja kabla vinatosha. Maji pia: baridi ya huku inadanganya, mtu anatoka jasho bila kiu. Aliyevuka miaka 40 apime presha kabla hajaanza vyuma vizito.

Uchovu usioondoka kwa wiki nyingi, hasa kwa mwanamke, na hasa ukiambatana na weupe wa viganja na mapigo ya moyo kwenda mbio kwenye ngazi, unaweza kuwa upungufu wa damu. Nenda kituo cha afya wapime wingi wa damu, na malaria na minyoo viangaliwe humo humo. Kuna tabia moja ya mezani inayochangia: kunywa chai ya rangi pamoja na mlo. Chai huzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Isogeze saa moja au mbili baada ya kula, na kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa. Vitamini C inafanya kinyume cha chai.

"Nimeambiwa kuna vidonge na sindano za kunenepesha"

Hapa nitasema bila kupunguza. Sindano za homoni zinazopitishwa mkono kwa mkono jimu zinafanya misuli ikue, na ndiyo maana zinauzwa. Pia zinazima kiwanda cha mwili cha kutengeneza testosteroni, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua au kuisha, chunusi zinajaa mgongoni, maziwa yanaota kwa mwanaume, na moyo unabeba mzigo. Vijana wa miaka 20 wanaotaka kuoa na kuzaa wajue hilo kabla, si baada.

Vidonge vya kunenepesha ni habari nyingine. Deksamethasoni, dawa halali ya hospitali, hutumiwa vibaya kwa kazi hii kwa sababu inaleta hamu ya kula na kujaza uso. Uzito huo ni maji na mafuta. Misuli yenyewe dawa hiyo inaibomoa, sukari na presha zinapanda, mifupa inalegea. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake.

Kitu cha dukani chenye faida ya kweli ni kreatini, unga unaosaidia misuli kutoa nguvu kwenye seti nzito, gramu 3 hadi 5 kwa siku, kwa asiye na ugonjwa wa figo. Unga wa protini ni chakula tu. Kijiko chake kimoja kina protini ya mayai manne, kwa hiyo linganisha bei na trei la mayai kabla hujatoa pesa.

"Mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa"

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu ni nadra, lakini ni ya dharura kuliko zote. Humpata mgeni aliyefanyishwa kazi nyingi mno siku ya kwanza, au aliyerudi baada ya mapumziko marefu na kushindana na wenzake. Misuli inavimba, inauma kupita kiasi, mkono haukunjiki, na siku moja au mbili baadaye mkojo unatoka mweusi kama kahawa. Misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Usisubiri, usinywe dawa za maumivu za dukani, maana kadhaa kati yake zinaongeza mzigo kwa figo hizo hizo. Kunywa maji ukiwa njiani kwenda hospitali. Ukifika, mwambie daktari waziwazi ulifanya zoezi gani, mara ngapi na siku gani, na umwonyeshe daftari kama unalo. Asipoambiwa habari ya mazoezi anaweza kuanza kutafuta malaria, na katika hali hii saa chache ni nyingi.